Sabuni ya Ombaomba, Marehemu Anayejibu Barua na Vikaratasi Vingine

Tangazo ninalolipenda kuliko yote ni la sabuni, na ndani yake hakuna mtu msafi hata mmoja. Kuna ombaomba mwenye ndevu zilizotimka na nguo zilizochanika, kaketi mezani na kalamu mkononi, anawaandikia barua watengenezaji wa sabuni: "Miaka miwili iliyopita niliitumia sabuni yenu. Tangu hapo sijatumia nyingine yoyote."

Mchoro huo ulichorwa na Harry Furniss kwa ajili ya Punch, gazeti la vichekesho la London, mwaka 1884. Haukuwa tangazo hata kidogo, ulikuwa kejeli. Siku hizo kampuni ya sabuni ya Pears ilikuwa ikimtumia Lillie Langtry, mwigizaji aliyesifika kwa uzuri, kutoa ushuhuda kwamba tangu aijue sabuni hiyo ameziacha nyingine zote. Furniss akayachukua maneno ya mrembo, akamtia mdomoni ombaomba. Kampuni nyingine ingekimbilia kwa mawakili. Lakini Thomas Barratt, aliyeshika mambo ya matangazo pale Pears, aliona watu wanacheka, na akaona kwamba jina la sabuni yake limo ndani ya kicheko hicho. Pears wakapata haki ya kuutumia mchoro, na ombaomba akawauzia sabuni kwa miaka mingi.

Nimekusanya vikaratasi vya aina hii kwa muda mrefu: matangazo yaliyokatwa kwenye majarida yaliyokwisha kufa, lebo za viberiti, kadi za sigara, tiketi, postikadi, vipeperushi vya maonyesho. Vichache ni vya asili. Vingi ni nakala nilizochapisha kutoka hazina za maktaba zilizowekwa wazi mtandaoni, wala sioni haya kusema hivyo, kwa sababu kichekesho hakipungui utamu kwa kuwa ni nakala. Watu ninaowaonyesha huanza kwa kucheka, na karibu wote hucheka kwa namna moja: wanawacheka watu wa zamani. Tazama walivyoamini! Tazama walivyovaa! Yule ombaomba ndiye aliyenizoesha kujiuliza kwanza, kila nifunguapo faili: nani alicheka kabla yangu? Mchoraji? Mwenye bidhaa? Mteja? Au hakucheka mtu, na kichekesho kimeletwa na miaka tu?

Mara nyingi kuliko tunavyodhani, mchoraji ndiye aliyecheka kwanza. Chukua bango la Michelin la mwaka 1898. Mtu mnene aliyeundwa kwa matairi yaliyopangwa juu kwa juu, naye ni mweupe kama mzuka kwa kuwa matairi ya enzi hizo hayakuwa meusi, amesimama mezani ameinua bilauri iliyojaa misumari na vipande vya chupa. Juu yake yameandikwa maneno ya Kilatini ya mshairi Horace, kwamba sasa ndio wakati wa kunywa. Maana yake ni kwamba tairi hili linakunywa vikwazo vya barabarani. Kushoto na kulia kwake wameketi matairi washindani, wamesinyaa, hewa imewaishia. Mchoraji, aliyejiita O'Galop, alikuwa amepeleka wazo kama hilo kwanza kwa kiwanda cha bia, kikalikataa. Hakuna mtu wa mwaka 1898 aliyelitazama bango hilo kwa uso mkavu. Walielewa mzaha kama tunavyouelewa sisi, pengine zaidi, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakipata pancha.

Matangazo ya dawa ni habari nyingine, na hapo ndipo huwa nakaa muda mrefu zaidi.

Kuna moja ninalolisoma kwa sauti kila nikipata msikilizaji. Ni la London, mwaka 1891. Homa ya influenza ilikuwa imeitikisa Ulaya tangu miaka miwili nyuma, na watu walikuwa na hofu ya kweli. Kampuni moja ilikuwa ikiuza kimpira kilichojazwa unga wenye asidi ya kaboliki. Unapachika mrija wake puani, unaminya, unga unafuka kama moshi. Tangazo lilisema moshi huo unaponya mafua, kikohozi, pumu, maumivu ya kichwa, macho yanayouma, kifaduro na kukoroma. Huwa natua kidogo kwenye kukoroma. Mtu aliyeipanga orodha hiyo alikuwa na nafasi moja imebaki kwenye ukurasa, naamini hivyo, akatazama juu, akafikiri, akaandika "kukoroma".

Kisha ikaja ahadi. Yeyote atakayekitumia kimpira mara 3 kwa siku kwa wiki 2 kama alivyoelekezwa, halafu akashikwa na influenza, atalipwa pauni 100. Na ili kuonyesha kwamba hawatanii, pauni 1,000 zimewekwa Alliance Bank, Regent Street. Mama mmoja, Louisa Carlill, akanunua, akakitumia kama alivyoambiwa, mara tatu kwa siku, kuanzia Novemba hadi tarehe 17 Januari 1892, siku ambayo influenza ilimwangusha. Mumewe alikuwa amesomea sheria. Nadhani unaona jambo linapoelekea.

Utetezi wa kampuni ndio unaonifurahisha. Wakili wao aliwaambia majaji, kwa lugha ya kisheria bila shaka, kwamba yale yalikuwa majigambo tu ya kibiashara, na hakuna mtu timamu ambaye angeyachukulia kama ahadi. Yaani kampuni ilisimama mahakamani ikidai kwamba yenyewe ndiyo iliyocheka kwanza! Mahakama ya Rufaa, Desemba 1892, ikawarudisha kwenye sentensi yao wenyewe ya pauni 1,000 zilizoko benki. Mtu anayetania haweki fedha benki kuthibitisha utani. Mama Carlill akalipwa, na hadi leo kila anayesoma sheria ya mikataba katika nchi zilizorithi sheria za Uingereza hukutana na jina lake mwanzoni kabisa.

Ungedhani kampuni ingenyamaza baada ya hapo. Ilitoa tangazo jipya, ikaongeza zawadi kuwa pauni 200, na ikajisifu kwamba kati ya maelfu ya wanunuzi ni watu 3 tu waliodai zile pauni 100 za mwanzo, jambo ambalo, kwa maelezo yao, linathibitisha kabisa kwamba dawa inafanya kazi. Safari hii, kwa maandishi madogo, waliweka masharti ya kutosha kuhakikisha hakuna atakayezigusa hizo 200. Mama Carlill mwenyewe aliishi hadi 1942, akafariki akiwa na miaka 96. Daktari alitaja uzee kuwa ndio sababu kubwa. Sababu nyingine aliyoiandika ni influenza.

Tangazo hilo la pili limenijengea tabia: nasoma tangazo kutoka chini kwenda juu. Herufi kubwa huandikwa na muuzaji, herufi ndogo huandikwa na wakili wake, na mara nyingi wakili ndiye mwenye vichekesho zaidi ingawa hajui.

Ukisoma hivyo, unaanza pia kutazama tarehe. Nchini Marekani kulikuwa na dawa ya maji ya akina mama iliyoitwa kwa jina la Lydia Pinkham, ambaye uso wake mpole ulichapishwa kila mahali. Dawa yenyewe ilikuwa na kilevi karibu asilimia 20, kwa hiyo siwezi kushangaa kwamba wateja walijisikia nafuu. Matangazo yaliwaalika wanawake wamwandikie Bi. Pinkham matatizo yao ya siri, naye angewajibu. Wakaandika kwa wingi, wakajibiwa. Mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal likachapisha, kando ya tangazo, picha ya kaburi la Bi. Pinkham huko Lynn, Massachusetts. Alikuwa amefariki mwaka 1883. Kampuni ikajieleza kwamba Bi. Pinkham anayejibu barua ni mke wa mwanawe. Mimi hucheka nikifika kwenye jiwe la kaburi, halafu nawakumbuka wale wanawake waliokuwa wakieleza maumivu yao kwa marehemu kwa sababu daktari wa kiume hawakuweza kumwambia, na kicheko kinapungua nguvu. Baadhi ya karatasi zangu ziko hivyo, zinachekesha upande mmoja tu.

Tangazo huweza kudanganya kuhusu bidhaa, lakini kuhusu hofu za wateja wake halidanganyi, maana hofu ndiyo mtaji. Listerine, dawa ya kusukutulia kinywa, ilibuniwa 1879 kama dawa ya kuua vijidudu katika upasuaji. Kufikia miaka ya 1920 ilikuwa ikimuuza Edna, msichana wa kwenye tangazo, ambaye kila mara ni mpambe wa bibi harusi na kamwe si bibi harusi, naye anaikaribia ile miaka 30 ambayo tangazo linaiita ya msiba. Tatizo lake ni harufu ya kinywa, na hata rafiki zake wa karibu hawamwambii. Sioni mzaha wowote hapo. Aliyeandika alijua anachokifanya, na sijui kama alicheka au alihesabu.

Mpwa wangu anapenda faili moja tu, lile la kurasa za nyuma za vitabu vya katuni vya Kimarekani vya miaka ya 1960 na 1970. Humo mna miwani ya eksirei, ambayo ingekuonyesha mifupa ya mkono wako mwenyewe. Kwa kweli ilikuwa ni unyoya mwembamba uliobanwa kati ya vipande viwili vya kadi vyenye tundu. Mwanga ukipita kwenye unyoya unaigawa picha mara mbili, na pale picha zinapopandana panaonekana kivuli cheusi kama mfupa. Aliyeuza miwani hiyo, Harold von Braunhut, ndiye pia aliyeuza "nyani wa baharini". Mchoro wa tangazo unaonyesha familia yenye furaha, baba, mama na watoto, wenye mikia na vichwa vyenye pembe tatu kama taji, wakiwa mbele ya kasri lao ndani ya maji. Mtoto akituma pesa, anapokea kipakiti cha mayai makavu. Akiyatia majini yanatoka viumbe vidogo vya jamii ya uduvi.

"Mjomba, hawa watu walifungwa?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Wafungwe kwa nini?"

"Si wamedanganya watoto!"

Nikamwambia asome chini kabisa. Kwenye baadhi ya matangazo hayo kuna mstari mwembamba unaosema kwamba vikaragosi vilivyoonyeshwa havikukusudiwa kuwa picha ya Artemia, ambalo ndilo jina la kisayansi la uduvi hao. Akausoma mara mbili, akakasirika zaidi. Ilibidi nimpoze kwa bidhaa nyingine ya bwana huyohuyo: samaki wasioonekana. Unanunua, unaletewa bakuli la kioo na chakula cha samaki, pamoja na dhamana ya asilimia 100 kwamba hutawaona samaki hao kamwe. Mpwa alicheka mpaka akakaa chini. Hilo ndilo tangazo pekee katika faili lile lililotimiza ahadi yake yote.

Kuna bahasha ambayo sichekeshi nayo watu, ingawa siifichi. Pears walewale wa ombaomba, miaka ileile ya 1880, walichapisha tangazo la mtoto mweusi anayeogeshwa na mtoto mweupe. Anapotoka kwenye maji, mwili wake wote umekuwa mweupe isipokuwa uso. Mwaka 1899 walichapisha jingine, Admirali Dewey wa Marekani ananawa mikono melini, na maneno chini yake yanasema kufundisha usafi ni hatua ya kwanza ya kuupunguza mzigo wa mtu mweupe, yaani ile kazi aliyojipa ya "kuwastaarabisha" wengine. Michoro hiyo ina ustadi, mistari safi, rangi nzuri. Waliocheka kwanza walikuwa maelfu, mezani kwao, wakati wa chai, na aliyekuwa akichekwa ni mimi na wewe. Mtu akiniambia matangazo ya kale yana haiba, nakubaliana naye, kisha naweka ombaomba wa Furniss na mtoto yule kando kwa kando. Kampuni moja, sabuni moja. Sijawahi kuhitaji kuongeza maneno.

Nirudi kwenye uchapaji, kwa sababu bila mashine hakuna haiba. Mabango ya rangi ya karne ya 19 yalitoka kwenye jiwe. Alois Senefelder, kule Bavaria, aligundua mwishoni mwa karne ya 18 kwamba ukichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, kisha ukalilowesha, wino utashika penye mchoro na kukataa penye maji. Kila rangi ilihitaji jiwe lake, na kila jiwe lilichorwa kinyume, kama linavyoonekana kwenye kioo. Karatasi ilipita juu ya jiwe la njano, kisha jekundu, kisha bluu, na kila mara ilitakiwa ikae palepale. Ikisogea upana wa uzi tu, midomo nyekundu ya bibi mrembo inashukia kidevuni na macho yake yanahamia nyusini. Karatasi kama hizo watu huzitupa kwa kuwa zina kasoro. Mimi nazitafuta. Ni kichekesho ambacho hakuna aliyekikusudia, na kwa hakika aliyekigundua kwanza, yaani mchapaji mwenyewe akiwa amesimama kando ya mashine, hakucheka.

Jules Chéret aliifanya kazi hiyo ya mawe Paris kuanzia miaka ya 1860 na kuujaza mji wasichana wanaoruka hewani. Kufikia mwaka 1895, Alphonse Mucha alipotoa bango lake la mwigizaji Sarah Bernhardt katika igizo la Gismonda, watu walikuwa wakitoka usiku kwenda kuyabandua mabango ukutani kabla gundi haijakauka. Mabango mengi yanayoning'inia leo katika majumba ya makumbusho yangekuwa yamemalizwa na mvua kama wezi wangekuwa waaminifu.

Kujua umri wa karatasi ni sehemu ninayoipenda na ambayo wageni wangu huichoka haraka, basi nitakuwa mfupi. Tangazo la Marekani lenye ZIP code, yaani namba ya posta ya eneo, kwenye anwani haliwezi kuwa la kabla ya 1963. Postikadi ya Uingereza ambayo nyuma yake imegawanywa sehemu mbili, anwani huku na ujumbe kule, haiwezi kuwa ya kabla ya 1902. Kwa ile ya Marekani mpaka ni 1907. Kabla ya hapo nyuma palikuwa pa anwani tu, ndiyo maana unaona postikadi za kale ambazo mtu ameandika salamu juu ya mawingu, akazungusha kanisa, akamalizia na jina lake kwenye mgongo wa farasi.

Na si kila kilichochakaa ni cha kale. Tangazo maarufu linalodaiwa kuwa la Ernest Shackleton, mvumbuzi wa Ncha ya Kusini, la kutafuta wanaume kwa safari ya hatari, mshahara mdogo, baridi kali na giza la miezi, limechapishwa kwenye mabango na vikombe visivyo na idadi. Wapekuzi wamelitafuta kwenye magazeti ya wakati huo na hawakulipata. Ni zuri mno, nadhani ndiyo kasoro yake. Matangazo halisi ya kale yana upumbavu mdogo mdogo usio na sababu, kama lile neno "kukoroma".

Kuhusu kuyatunza, karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa massa ya mbao, nayo hubeba asidi inayoifanya igeuke njano na kuvunjika. Adui wengine ni jua, pini zinazoshika kutu na selotepu, ambayo nikiiona kwenye karatasi ya zamani huwa nakosa usingizi. Usiilamineti. Iweke kwenye mfuko wa plastiki ya poliesta, ndani ya boksi, gizani.

Bingwa wa kazi hii alikuwa John Johnson, mchapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford. Kabla ya hapo alikuwa Misri, akifukua majalala ya kale kutafuta mafunjo: risiti, barua, orodha za watu waliokufa zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Akajiuliza kwa nini wasomi wanayachambua kwa brashi matakataka ya wenzao wa kale huku ya kwao wakiyatia moto. Aliporudi akaanza kuokota: matangazo, tiketi, lebo, vikaratasi vya kila aina, na wenzake wengine wakamwona kituko. Mkusanyiko wake uko maktaba ya Bodleian tangu 1968, na wanahistoria hupanga foleni kuuona.

Nikimfuata Johnson, nami nimeanza kuweka vya leo: tiketi za basi, vifungashio, vipeperushi vya waganga wanaorudisha wapenzi, ambavyo orodha zake za magonjwa zingemfurahisha sana mwenye kimpira cha moshi. Tatizo ni risiti. Nyingi siku hizi huchapwa kwenye karatasi inayoitikia joto, bila wino, na baada ya miaka michache maandishi hufutika yenyewe ukabaki na kipande cheupe. Nimekwisha poteza kadhaa kwa njia hiyo. Sasa kila risiti yenye jambo la kuchekesha naitoa fotokopi kwanza, kisha ndipo naiweka kwenye faili, na nyuma ya nakala naandika kwa penseli, siyo kalamu ya wino, tarehe na mahali.